Sentimita Tatu

Mke wa fundi alisema ataondoka Jumamosi. Alilisema neno hilo akichambua mchele, mguu wake wa kushoto uliofungwa plasta umenyooshwa juu ya kigoda, na wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nimeshazungumza na mdogo wangu. Ana chumba cha uani hakina mtu. Nitakaa huko."

"Mpaka lini?" fundi aliuliza.

"Mpaka Mungu atakaponichukua. Nikibaki hapa nitakuja kuua mtoto wa watu."

Mtoto wa watu! Mjukuu wake mwenyewe, wa binti yake wa pekee, leo amekuwa mtoto wa watu. Fundi akajifanya anatafuta miwani yake iliyokuwa kichwani. Wiki tatu alikuwa na maneno kooni na hakuyatoa, na maneno ya namna hiyo yakikaa sana humwozea mtu humo humo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mtaani walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha ujenzi chenye tone la hewa ndani ya kioo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuingia nyumba za watu na kuinamisha kichwa kutazama kama dirisha limekaa sawa, hata kabla ya kuitikiwa hodi. Fahari yake kubwa ilikuwa ngazi. Mafundi wengine walipima ngazi kwa tepu. Yeye alipima kwa ufito. Aliusimamisha ufito mrefu kutoka sakafu ya chini mpaka usawa wa sakafu ya juu, akaukata hapo, akaugawa kwa alama za penseli sehemu zilizo sawasawa, na kila sehemu ikawa kimo cha kidato kimoja. "Tepu inasomwa kwa macho," alikuwa akiwaambia wenzake, "na macho yana mambo mengi. Ufito hauna mambo." Alifanya hivyo miaka thelathini na minne, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumwita arudi.

Basi binti yake na mumewe walipoamua kuongeza ghorofa juu ya nyumba yao, ile ambayo wazee hao wawili walikuwa wakiishi nao katika chumba cha chini, nani angepewa kazi? Pimamaji alimwaga zege la ngazi kwa mikono yake. Ilikuwa na vidato kumi na tano vya kukanyaga, na cha kumi na sita ndicho kinachokufikisha sakafu ya juu. Kila kimoja kilikuwa na kimo cha sentimita kumi na nane na upana wa ishirini na nane. Juu yake akapiga niru nyekundu, ule uji wa saruji na rangi unaosuguliwa kwa mwiko mpaka ung'ae. Aliisugua siku mbili. Mkewe alimtania kwamba hata siku ya harusi hakumtazama yeye hivyo.

Mkaguzi wa majengo alipokuja, alikuwa kijana mwembamba mwenye kijitabu cha kanuni kwapani. Alipiga magoti akapima kidato kimoja kimoja, jambo lililomchekesha fundi. Kanuni zilitaka kimo cha kidato kisizidi sentimita kumi na tisa, upana wa kukanyaga usipungue ishirini na tano, na kati ya kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote tofauti isizidi sentimita moja. Vyote alivikuta kumi na nane. Akaandika hivyo kwenye fomu, kisha akauliza:

"Mzee, hizi sakafu zitabaki hivi hivi?"

"Tutaweka vigae. Chini na juu."

"Na ngazi?"

"Ngazi itabaki na niru yake. Huoni inavyong'aa?"

Kijana akakuna kichwa kwa kalamu. "Hapo hesabu itaharibika, mzee wangu. Sakafu ya chini ikipanda, kidato cha kwanza kitakuwa kifupi. Ya juu ikipanda, cha mwisho kitakuwa kirefu. Na ngazi nayo uipandishe kwa unene ule ule."

"Nitapandisha," alijibu Pimamaji, kwa sauti ya mtu anayefukuza nzi. Kijana akasaini, akaaga, akaenda zake.

Hakupandisha. Alikuwa anajenga ngazi kabla ya kijana yule kuota meno, na tena niru ile ilikuwa nzuri mno kufunikwa. Aliweka vigae chini, akaweka na juu, na pamoja na saruji ya kulazia sakafu zote mbili zikapanda sentimita tatu. Siku alipomaliza alipanda kwenda kutazama kazi yake, na pale juu kabisa ncha ya kiatu chake ikagonga. Alishika ukuta. Akashuka, akapanda tena. Mara ya pili mguu ulikuwa umeshajua, haukugonga.

"Watazoea," alijiambia.

Na walizoea, hilo lisemwe. Wiki ya kwanza binti aligonga kidole akatukana kidogo, mkwe akagonga akacheka. Wiki ya pili hakuna aliyegonga. Mguu ni mwanafunzi mwepesi ukipewa somo lile lile kila siku. Lakini mkewe, mwenye magoti mabovu, alikuwa hapandi. Katika miezi minane labda alipanda mara nne.

Mjukuu wao alikuwa na mwaka mmoja na mwezi. Nyumba nzima ilimwita Mke Mwenza, kwa utani wa bibi yake, aliyelalamika kila asubuhi kwamba ameletewa mke mwenza asiye na meno na mume ameshatekwa. Siku ile bibi alikuwa amembembeleza mpaka akalala begani. Binti alikuwa jikoni, mikono imejaa unga.

"Mama, nisaidie umpandishe kitandani," alisema.

Bibi akapanda taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine umemkumbatia mtoto. Kidato baada ya kidato mguu ulikuwa umeshika mwendo: kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Cha kumi na sita kilikuwa ishirini na moja. Kidole kikagonga ukingo. Alipojiona anaangukia mbele alijipindua asimlalie mtoto, na kule kujipindua ndiko kulikowateremsha wote wawili kwa ubavu, vidato saba.

Yeye alivunjika mguu chini ya goti. Mtoto alivunjika mkono wa kulia juu ya kiwiko. Na binti, aliyetoka jikoni mbio na unga wake mikononi, alipiga ukelele ambao mzazi yeyote angeupiga:

"Mama! Umemwangusha mwanangu!"

Neno hilo lilibaki ndani ya nyumba ile. Daktari aliulizia presha. Mkwe alisema ni macho. Majirani waliokuja kutoa pole walisema ni umri, na mmoja akalaumu kandambili. Bibi mwenyewe, kitandani hospitalini, alisema jambo moja kila mara, kwa mshangao ule ule: "Niliinua mguu kama siku zote. Niliuinua kabisa. Kumbe haukuinuka." Hakuna aliyeilaumu ngazi. Nani ailaumu ngazi ya Pimamaji?

Siku hiyo hiyo, wengine wakiwa hospitalini, fundi alichukua tepu. Hakuchukua ufito. Kidato cha kwanza, kumi na tano. Cha pili mpaka cha kumi na tano, kumi na nane. Cha mwisho, ishirini na moja. Alipima mara tatu, utadhani tepu ingemhurumia. Sentimita sita kati ya kifupi na kirefu, na kanuni ilikuwa imempa moja tu. Alikaa pale juu, miguu ikining'inia kwenye ngazi yake mwenyewe, akalia bila sauti mpaka kola ya shati ikalowa.

Sasa msikilize mtu aliyetahayari anavyofikiri. Alijiambia: kwanza ngazi, maneno baadaye, kwanza asianguke mwingine. Na kwa kweli hofu hiyo ilikuwa hofu ya haki. Mkewe alilazwa siku tisa. Ndani ya siku hizo Pimamaji alichukua masalia ya vigae vya sakafuni akavilaza juu ya kila kidato, vyote kumi na tano, saruji na kigae, sentimita tatu kamili. Sakafu zilikuwa zimepanda, sasa na ngazi imepanda. Alipomaliza alipima: kumi na nane kutoka chini mpaka juu. Mkwe, aliyekuwa dereva wa lori la masafa, alirudi safari akasimama mlangoni akapiga mluzi. "Baba, hapo umetupendezeshea nyumba!" Naye Pimamaji akaitikia, akaosha mwiko.

Tangu hapo maneno yale ya baadaye yakawa hayana mahali pa kuingilia. Bibi alirudi nyumbani na magongo mawili, na hakutaka kumgusa mtoto. Wala hakuambiwa asimguse. Binti hakuwa na ukatili huo. Ila kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye duka la dawa alikokuwa akifanya kazi, binti alimbeba Mke Mwenza akampeleka kwa jirani, akaipitisha ile plasta ndogo mbele ya mlango wa chumba cha mama yake, na wote wawili walitazama pembeni. Mtoto aliponyoosha mkono mzima kumtaka bibi, bibi alificha mikono yake chini ya khanga. Alikonda. Alianza kuomba ruhusa ya kila kitu, hata maji ya kunywa. Na sasa, Jumamosi, anaondoka.

Alhamisi jioni, wote wanne wakiwa mezani na mtoto amelala, Pimamaji alipiga moyo konde.

"Nina neno," alisema. "Mama yenu hakumwangusha mtoto. Ngazi ndiyo iliyowaangusha. Kidato cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vingine kwa sentimita tatu. Nilikosea mimi."

Kijiko cha mkwe kilisimama hewani. Binti alimtazama baba yake, kisha mama yake, kisha akashusha pumzi.

"Baba," alisema kwa upole. "Baba, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nawaambia nilikosea. Vigae nilivyoweka juzi ni vya kusahihisha, si vya urembo."

Mkwe alikuwa mtu wa haki, akataka kuelewa. "Uliongeza vigae kwenye kidato cha juu tu?"

"Kwenye vyote kumi na tano. Sentimita tatu kila kimoja."

"Sasa baba, kama vyote vimepanda sawa, kati ya kimoja na kingine kimebadilika nini? Ni sawa na watu kumi na tano wavae viatu vya kisigino kimoja. Waliolingana bado wanalingana."

"Katikati ndiyo! Katikati hakikubadilika kitu! Ni cha kwanza na cha mwisho, kwa sababu sakafu..." Alichukua visanduku vya kiberiti akavipanga mezani, akaviangusha, akavipanga tena. Hesabu ilikuwa kichwani mwake safi, mdomoni ikatoka imevurugika. Mkwe alitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyotikisiwa mgonjwa.

Binti aliinuka akaleta bahasha ya makaratasi ya nyumba. Akatoa fomu ya mkaguzi, akaisoma kwa sauti. "Kimo cha vidato: vyote sentimita kumi na nane. Saini na muhuri. Na sasa hivi ukipima?"

"Kumi na nane," alisema Pimamaji.

"Basi, baba. Wakati ule kumi na nane, leo kumi na nane."

"Ni hapo katikati! Ile miezi minane!"

Angeweza kumaliza ubishi wote kwa sentensi moja: mkaguzi aliniambia. Wangempigia simu kijana yule kesho asubuhi na yote yangekuwa wazi. Sentensi ilimfika ulimini. Lakini kusema *nilikosea* ni jambo moja, na kusema *niliambiwa, nikajua, nikanyamaza* ni jambo jingine, na mzee huyu hakuwa na ubavu wa hilo la pili mbele ya macho ya mkewe. Akaimeza.

Mkewe ndiye aliyemvunja kabisa. Alinyoosha mkono mezani akaushika wake, mara ya kwanza tangu aanguke kumgusa mtu bila kuombwa.

"Mzee wangu," alisema, na macho yalikuwa yamejaa. "Najua kwa nini unafanya hivi. Nashukuru. Lakini usijipake matope kwa ajili yangu. Mguu ulikuwa wangu."

Alisamehewa uongo ambao hakuusema, akanyimwa kosa alilolifanya. Usiku huo hakuna alichokula, na kulipopambazuka alikuwa bado amekaa.

Ijumaa, binti alipoondoka na mtoto na mkwe akaenda gereji, Pimamaji alitoa nyundo na tindo. Kama hawataki kuisikia ile miezi minane, basi ataifukua. Alianzia kidato cha kumi na tano. Alitega tindo chini ya kigae, akapiga, na kigae chote kikaruka na saruji yake kwa pigo la pili. Alishangaa, kisha akaelewa: saruji ilikuwa imelazwa juu ya niru iliyong'arishwa, bila kuikwaruza kwanza, na haikushika hata kidogo. Kazi ya haraka, kazi ya mtu anayejificha. Ngazi ile aliyoitengeneza kwa ajili ya usalama wa mjukuu wake ingeanza kung'oka yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Aliguna kwa uchungu na akapiga tena.

"Unafanya nini huko?" mkewe aliita kutoka chumbani.

"Nabomoa."

"Unabomoa nini?"

"Uongo!" alijibu, na vumbi likamkaba, akakohoa mpaka akakaa chini.

Alisikia magongo yake yakija taratibu kwenye korido. Mkewe akatokea sebuleni, akajishusha kwenye kiti cha karibu na mlango, akamtazama. Mzee wa miaka sitini na minane, mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka kandambili, anateremka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, akipiga. Alidhani mumewe amechanganyikiwa. Alisema baadaye kwamba alikuwa akihesabu saa za binti kurudi ili waite daktari.

Kufika saa nane mchana vigae vyote vilikuwa rundo pembeni, vipande vipande, na niru nyekundu imefunuka ilivyokuwa, haina hata mkwaruzo. Alikuwa anafagia cha kwanza binti alipofungua mlango, mtoto ubavuni na mfuko mkubwa wa nguo zilizofuliwa mkononi.

Binti aliitazama ngazi. Akalitazama rundo.

"Baba."

"Pima," alisema Pimamaji. Alimnyooshea tepu. "Nakuomba mwanangu. Kidato cha mwisho tu. Usiniamini mimi, pima."

"Umeibomoa ngazi. Tunaishi hapa, baba! Mama amevunjika, mtoto amevunjika, na wewe umeibomoa ngazi?"

"Sikuibomoa, nimeirudisha. Tazama niru, haijaguswa. Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile. Pima!"

"Sipimi kitu! Nimechoka! Nimechoka na mguu wa mama, nimechoka na mkono wa mtoto, na sasa kichwa chako!" Alikuwa analia kwa hasira. Alimsukumia mtoto kifuani. "Mshike. Nikaweke nguo, nishuke, tuongee kama watu wazima."

"Usipande hivyo! Mfuko unakuziba! Taratibu huko juu, mwanangu, cha mwisho..."

Hakumsikiliza. Wiki mbili na zaidi miguu yake ilikuwa imepanda ngazi iliyo sawa, na somo la zamani ilikuwa imeshalisahau. Alipanda kwa hasira, mfuko umemkinga macho, na miguu ikashika mwendo wake. Pimamaji alimkumbatia mtoto na kufunga macho. Ndipo akasikia kidole kikigonga, na kishindo cha magoti.

Alipofungua macho, nguo zilikuwa zimetapakaa mpaka katikati ya ngazi. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya juu, mikono miwili imeshika ukingo wa vigae, hajaumia. Kisha alirudisha mguu nyuma pole pole, akaugusisha kwenye kidato cha kumi na tano, akauinua. Ukagonga tena. Akafanya hivyo mara ya tatu, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo sana. "Mama, ni hapa?"

Bibi alikuwa amesimama kwa gongo moja tu, wala hakujua kwamba jingine limeanguka.

"Ni hapo," alisema. "Ni hapo hapo. Niliuinua mguu, mwanangu. Niliuinua."

"Uliuinua, mama. Jamani, uliuinua. Nisamehe."

Binti alishuka kwa makalio, anateleza juu ya nguo safi, analia hadharani bila kujifuta, akaja akampigia mama yake magoti akamshika ule mguu wa plasta. Bibi alimwekea mkono kichwani. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Pimamaji hakuiona kwa wiki tatu. Hataondoka, alijiambia. Hataondoka tena.

Kisha mkewe alimgeukia.

"Ulijua lini?"

 Mtoto alikuwa anachezea vifungo vya shati la vumbi la babu yake.

Alikuwa na jibu jepesi na lilikuwa tayari. Siku mlipoanguka, angesema. Nilipima mkiwa hospitalini. Lingekuwa nusu ya kweli, na mkewe angelipokea. Angemlaumu kwa zile wiki tatu, angenuna, angemsamehe. Alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ametaka kujihamisha kwenye nyumba ya binti yake mwenyewe kwa sababu ya mguu uliokuwa mzima.

"Siku niliyomaliza vigae vya juu," alisema. "Niligonga mimi wa kwanza. Na kabla ya hapo mkaguzi alikuwa ameniambia nipandishe ngazi. Nikamwitikia, sikupandisha. Nilisema mtazoea."

Mkewe hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake taratibu, akalaza gongo mapajani, akalipapasa kama analitafutia kasoro.

"Wiki tatu," alisema. "Kila unaponishika mkono kwenda chooni, nakwambia ahsante. Usiku nikilia unanipa maji, nakwambia ahsante. Na wewe unaitikia."

"Mke wangu..."

"Unaitikia! Unasema haya, mama. Nimekushukuru mara ngapi, wewe mwanamume?"

Pimamaji hakuwa na kipimo cha hilo. Alisogea hatua moja mbele, mtoto mikononi. Alitaka kupiga magoti pale alipopiga binti yake, lakini binti alikuwa bado yupo, ameijaza nafasi yote, wala hakumpisha.

Bibi alinyoosha mikono. Hakuificha, hakumwomba mtu ruhusa.

"Nipe mtoto," alisema. "Unamtia vumbi."

Akampa. Mtoto alimwendea bibi yake kwa pupa, akaiegemeza plasta yake begani kwake na kuanza kumvuta sikio. Bibi alimpangusa saruji mashavuni kwa pindo la khanga, kwanza shavu moja, kisha jingine, akampangusa na kope. Fundi alisimama mbele yao na mikono mitupu.

"Sogea huko basi," mkewe alisema, macho kwa mtoto. "Bado unatupukutishia."

Akasogea.